Kihispania au Kifaransa? Lugha ya Nne ya Msomi wa Kiswahili

Mtu anapomwuliza mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya ni lugha gani atakayoichagua kuwa "lugha ya pili", swali lenyewe huwa limekwisha kupotoka kabla ya kujibiwa. Lugha ya pili ya nani? Chukua mfano wa binti mmoja wa Voi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili. Kidawida alikinyonya pamoja na maziwa ya mamake. Kiswahili alikiokota uwanjani na sokoni kabla hajaijua shule, na Kiingereza akakutana nacho darasani, kikiwa na kiboko mkononi. Kwa hesabu hiyo, lugha yoyote ambayo angeianza sasa ni ya nne. Mwingereza anayepima uzito wa Kihispania na Kifaransa hutoka katika lugha moja akitafuta ya kuongezea. Binti huyu alikuwa na tatu tayari, na kila moja kati ya hizo ilikuwa na neno lake la kusema juu ya hiyo ya nne.

Uwezo wake ulikuwa wa kozi moja tu. Mamake huuza nafaka katika soko la Voi, na fedha zilizotengwa zilitokana na mbuzi wawili na akiba ya chama cha akina mama. Lengo la binti lilikuwa kuingia katika kazi ya tafsiri na ukalimani baada ya masomo, naye alikuwa amekwisha kung'amua kwamba Kiswahili na Kiingereza peke yake ni mtaji alionao kila mhitimu wa idara yake. Wapo waliomshauri aviache vyote viwili achague Kichina, hasa kwa kuwa Taasisi ya Konfushasi katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005 na imekwisha kutoa wanafunzi wengi. Ushauri huo una mashiko yake, ila haukuwa na mvuto kwake. Kichina kilimjia kama biashara. Kihispania na Kifaransa vilimjia kupitia vitabu.

Kihispania ndicho kilichotangulia. Katika pendekezo lake la tasnifu alikuwa akichunguza uhalisiamazingaombwe katika riwaya ya K. W. Wamitila, Bina-Adamu! (2002), na kama ilivyo ada, sura ya nadharia ilimtaja Alejo Carpentier, mwandishi wa Kuba aliyezaliwa 1904 na kufariki 1980. Msimamizi wake aliandika kwa kalamu nyekundu pambizoni: "Haya ni maneno ya Carpentier au ya mfasiri wake?" Swali fupi, lakini lilimnyima usingizi. Alipofuatilia, alibaini kwamba dibaji maarufu ambamo Carpentier alieleza dhana ya uhalisia wa ajabu, ile iliyotangulia riwaya yake El reino de este mundo (1949), iliachwa nje ya tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo iliyotolewa 1957. Kwa hiyo kwa miaka mingi msomaji wa Kiingereza alipewa nyumba pasipo kizingiti. Na wasomi wa Kiswahili, ambao aghalabu hupokea nadharia kupitia Kiingereza, walipokea kile tu ambacho Kiingereza kilikuwa kimeamua kukipitisha.

Basi akanunua kitabu chakavu cha sarufi ya Kihispania kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara jijini Nairobi, akaanza. Kilichomshangaza ni wepesi wake. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa takriban kama zile za Kiswahili. Mkazo katika maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: casa, mesa, semana. Herufi ch ni ile ile ya "chai", na ñ si kitu kingine ila "ny" ya "nyanya" iliyovishwa kofia. Hata j, inayowatoa jasho Waingereza, hutamkwa karibu na "kh" ambayo kila mtu wa Pwani huisikia katika vinywa vya wazee waliosoma Kiarabu. Katika juma moja binti aliweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kujikwaa, ijapokuwa maana ilikuwa bado gizani.

Sarufi nayo ilimpokea kama mwenyeji. Mhispania husema hablo, Mswahili husema nasema, na katika lugha zote mbili nafsi imo ndani ya kitenzi. Hakuna haja ya kuitanguliza "mimi". Upatanisho wa kisarufi, ambao huwachosha wanafunzi kutoka lugha zisizo na ngeli, kwake ulikuwa mchezo. Aliyelelewa katika mfumo wa ngeli zaidi ya kumi hawezi kutishwa na jinsia mbili. Lakini lililomfurahisha kuliko yote ni vitenzi ser na estar, ambavyo vitabu vya Kiingereza huvieleza kwa kurasa nyingi kana kwamba ni fumbo. Es maestro, está en el aula. Kiingereza na Kifaransa hutumia kitenzi kimoja pote pawili. Kiswahili hakifanyi hivyo: yeye ni mwalimu, yuko darasani. "Ni" kwa kile mtu alicho, "-ko" kwa mahali alipo. Ulinganifu huu haukamiliki, kwani estar hubeba pia hali zinazopita kama ugonjwa na furaha, lakini unatosha kumfanya Mswahili aingie mlangoni huku Mwingereza angali anatafuta ufunguo.

Kisha kuna undugu wa msamiati, ambao una historia mbili. Ya kwanza ni ya Waarabu. Utawala wa Kiislamu ulidumu katika sehemu za rasi ya Iberia kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha humo maneno mengi, kama kilivyoyaacha katika upwa wa Afrika Mashariki. Azúcar ni sukari. Fulano ni fulani. Hasta, yaani "mpaka", inatokana na hattā ile ile iliyotupa "hata". Alcalde, ambaye kwa Wahispania ni mkuu wa mji, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Historia ya pili ni ya Wareno, jirani wa Wahispania, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kuacha maneno ambayo Kihispania kina ndugu zao: mesa kwa meza, bandera kwa bendera, vino kwa mvinyo. Mwanafunzi wa isimu-historia angeweza kujinyakulia kazi ya uzamifu hapo, na si ajabu binti huyu alianza kuviona vibao vya soko la Voi kwa jicho jingine.

Kifaransa, kwa upande wake, kilimpokea kwa ukali. Vert, verre, vers na ver ni maneno manne yenye maana nne, kijani, bilauri, kuelekea na mnyoo, na yote hutamkwa sawasawa. Herufi tatu, eau, husimama pamoja kutoa sauti moja ya "o". Il parle ni mtu mmoja, ils parlent ni wengi, na sikio haliambiwi tofauti. Zipo irabu za nazali, ipo u inayotamkwa kwa midomo iliyobana kana kwamba mtu anapuliza chai. Kwa msemaji wa lugha ambayo karibu kila kinachoandikwa husomwa, huu ni ukaidi usio na sababu. Rafiki yake wa bwenini, aliyekisoma Kifaransa hadi kidato cha nne, alimwambia kwamba tahajia ya Kifaransa ni kama nyumba ya tajiri: vyumba vingi, watu wachache.

Takwimu hazikumsaidia, na yafaa isemwe kwamba aghalabu takwimu hizi hutajwa na watu waliokwisha kuchagua. Wenye Kihispania kama lugha ya mama wanakaribia milioni 500. Shirika la Kimataifa la Francophonie lilikadiria mwaka 2022 kwamba wazungumzaji wa Kifaransa ni milioni 321, na zaidi ya nusu yao wako Afrika. Kihispania ni lugha rasmi ya mataifa ishirini hivi, lakini barani Afrika ni taifa moja tu, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania mwaka 1968. Umoja wa Mataifa, wenye mojawapo ya ofisi zake kuu nne jijini Nairobi, unazitumia zote mbili miongoni mwa lugha zake sita. Mkalimani wa kibanda cha Kiingereza huko hutarajiwa kukielewa Kifaransa pamoja na Kihispania au Kirusi. Kwa maneno mengine, milango mikubwa ya kazi humtaka mtu aje na vyote viwili, jambo ambalo halimsaidii mwenye mbuzi wawili.

Nchini Kenya mizani iliinama upande mmoja. Kifaransa kilikuwa kikitahiniwa katika KCSE pamoja na Kijerumani na Kiarabu, Kihispania hakikuwamo. Alliance Française ina vituo Nairobi na Mombasa. Kihispania kiliwafikia Wakenya wengi katika miaka ya 2000 kupitia tamthilia za Meksiko kwenye runinga, lakini hata huko kilikuwa kimekatwa ulimi: majina ya wahusika yalibaki ya Kihispania, vinywa vikasema Kiingereza. Kizazi kizima kililia pamoja na watu ambao hakikuwahi kuzisikia sauti zao.

Aliyemsogeza binti hatua moja mbele hakuwa mhadhiri. Ni mjomba wake, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye kwa miaka mingi alibeba shehena kutoka bandari ya Mombasa, akapitia Malaba na Kampala, akavuka mpaka wa Uganda na Kongo pale Mpondwe na Kasindi hadi Butembo. Alikuwa na mazoea ya kusimama Voi na kula kwa dada yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatafuta lugha nyingine. Hizi ulizo nazo umezimaliza?"

Binti alimweleza habari za Kihispania, jinsi kinavyofanana na Kiswahili. Mjomba alisikiliza, akamega sima, akauliza: "Wanakaa wapi hao?" Alipoambiwa, alicheka kwa upole. Kisha akasimulia yake. "Nikivuka mpaka, kila mtu ni ndugu yangu. Nanunua ndizi kwa Kiswahili, naomba maji kwa Kiswahili, gari likiharibika fundi ananitukana kwa Kiswahili, tena Kiswahili kitamu. Lakini karatasi ikitolewa, udugu umekwisha. Karatasi ni ya Kifaransa. Hapo namtafuta kijana wa kunisomea, na kijana wa kunisomea anakula pesa yangu." Siku moja, akaongeza, alimlipa kijana wa namna hiyo amsomee karatasi ambayo baadaye aligundua ilikuwa stakabadhi ya pesa alizokwisha kulipa.

Mamake binti alicheka hadi akafuta machozi. Binti hakucheka sana. Alikuwa amesoma katika isimujamii kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Aliyajibu maswali ya mtihani kuhusu jambo hilo na kupata alama nzuri. Lakini hakuwa amewahi kuliona kama alivyoliona jioni ile: kwamba wako mamilioni ya Waswahilifoni ambao Kiswahili chao kinaishi chumba kimoja na Kifaransa, kama chake kinavyoishi na Kiingereza, na kwamba ukuta kati ya vyumba hivyo viwili haukujengwa na Kiswahili.

Aliporejea chuoni alianza kuupapasa ukuta huo. Alikuta maktabani maandishi ambayo yalistahili kujulikana zaidi na wanafunzi wa Kiswahili wa Kenya. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, palipigwa chapa historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko, iliyoandikwa na André Yav kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Ndani ni Kiswahili. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Ilichapishwa upya mwaka 1990 na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Fabian huyo huyo ndiye aliyezungumza na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja. Maelezo aliyoyaandika juu ya picha ni ya Kifaransa, na mazungumzo yake kuhusu picha hizo ni ya Kiswahili. Msomaji wa Mombasa au Nakuru anayetaka kumwelewa Tshibumba anahitaji lugha mbili, na anayo moja. Ile ya pili huiazima kwa Kiingereza. Ajabu ya mambo: maandishi ya Kiswahili yakasomwa na Mswahili kwa msaada wa tafsiri iliyolengwa kwa wasomi wa Ulaya na Marekani.

Hapo ndipo kiini cha suala kilipomdhihirikia. Uzuri wa lugha na wingi wa watu wake ni mambo ya kweli, lakini swali lililomkabili lilikuwa la udalali. Kiingereza kimekaa katikati ya Kiswahili na majirani zake kama dalali sokoni, kikichukua fungu lake kila mara. Katika mikutano ya kimataifa upo ukalimani wa kupokezana: mkalimani asiyeielewa lugha ya msemaji humsikiliza mwenzake aliyekwisha kufasiri, aghalabu kwa Kiingereza, naye akafasiri kutoka hapo. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mwezi Februari mwaka huo huo wa 2022, Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Maazimio haya ni ya kupendeza. Lakini azimio halifasiri hotuba. Panahitajika mtu aketiye kibandani, asikie Kifaransa, atoe Kiswahili, bila kupitia kwa dalali.

Rafiki yake wa bwenini alimpinga kwa hoja nzito. Kwa nini kumkimbia bwana mmoja na kujipeleka kwa mwingine? Kifaransa si kiliwapiga watoto wa Afrika Magharibi kwa kuongea lugha za mama zao? Binti hakuwa na jibu la mkato, na yamkini jibu la mkato halipo. Alimkumbusha tu kwamba Frantz Fanon, aliyeuumbua ukoloni kuliko wengi, aliyaandika hayo kwa Kifaransa, na kwamba Kihispania nacho hakikufika Kuba kwa kualikwa.

Kuba ndiko kulikomwia vigumu kukuaga. Kadiri alivyomsoma Carpentier, ndivyo mambo yalivyozidi kuchanganyika. Dhana ile ya uhalisia wa ajabu haikumjia Carpentier nyumbani kwake. Ilimjia katika safari ya Haiti mwaka 1943, nchi iliyokuwa koloni la Ufaransa, akiyatazama magofu ya jumba la mfalme Henri Christophe. Baba yake alikuwa Mfaransa, naye mwenyewe aliishi Paris kuanzia 1928 hadi 1939. Hivyo basi dhana iliyoandikwa kwa Kihispania ilichipuka katika udongo wa Kifaransa na Kikrioli. Mtu mwenye tamaa angesema kwamba hii ni sababu ya kujifunza Kifaransa na bado kumpata Carpentier. Binti hakujidanganya hivyo. Dibaji ni ya Kihispania, na atakayeisoma kwa lugha nyingine ataisoma kupitia kwa mtu.

Akachagua Kifaransa. Gharama yake ilikuwa sura nzima ya tasnifu. Alimwendea msimamizi, akamweleza kwamba hataweza kudai kuwa amechunguza chimbuko la nadharia ambayo hawezi kuisoma katika lugha yake, akaomba sura ya pili ijikite katika jinsi dhana hiyo ilivyopokelewa katika uhakiki wa Kiswahili, kuanzia Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi. Msimamizi alikubali, ingawa kwa uso wa mtu aliyetarajia zaidi. Kitabu chakavu cha Kihispania kimebaki rafuni. Si hoja ya kusikitikia sana, lakini ni hasara, na wanaoshabikia lugha huwa hawaitaji hasara hii: kila lugha unayoianza ukiwa mtu mzima inakula muda wa nyingine ambayo hutaianza kamwe.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya jasho. Kilichomtia moyo ni mambo madogomadogo. Kiwakilishi on, kwa mfano, ambacho Kiingereza hukihangaikia kwa "one", "they" na "we", hakina mwenyewe anayejulikana. On dit. Binti alikiandika, akakitazama, kisha akaandika kando yake: "husemwa". Kiambishi hu- na kauli ya kutendwa vilikuwa vimelala hapo tayari, vikisubiri. Kwa mara ya kwanza neno la Kifaransa lilikuwa limeingia katika Kiswahili mbele ya macho yake bila kubisha hodi kwa Kiingereza.

Mjomba alipopita Voi mwishoni mwa muhula, alimkuta mpwa wake akikariri tarakimu. Soixante-dix kwa sabini, yaani "sitini na kumi". Quatre-vingt-dix kwa tisini, yaani "ishirini nne na kumi". Mjomba alimsikiliza kwa mashaka.

"Huko kwenu shuleni mnahesabu hivyo?"

"Ndivyo wanavyohesabu Wafaransa, mjomba."

"Mimi sijui Kifaransa, lakini ada ya kuegesha lori nimeilipa mara nyingi. Butembo sabini ni septante. Tisini ni nonante."

Binti aliangalia katika kamusi. Ni kweli: Wakongo, kama Wabelgiji waliowatawala, husema septante na nonante. Alichukua kalamu, akagawa ukurasa wa daftari kwa mstari mmoja wa katikati, upande wa kushoto akaandika "Paris", upande wa kulia akaandika "Butembo", kisha akamwomba mjomba amtajie na mengine.